Karatasi iliyolala ndani ya bahasha

Maneno haya yalisemwa na mama mmoja mwanachama wetu katika mkutano mkuu wa mwisho wa mwaka 2023, hapa Bukavu. Aliomba jina lake lisiandikwe, wala la vituo alivyotibiwa. Mengine tumeyaacha karibu kama alivyoyasema. Vichwa vidogo tumeviweka sisi.

Kiswahili changu mtakivumilia: nusu ni cha Fizi, nusu cha Kigoma, na miaka hii ya Bukavu imeongeza mchanganyiko wake.

Komite iliniomba niongee juu ya jambo moja. Mtu akienda kutibiwa, ugonjwa wake usionekane kwa wakati, kisha abaki na kilema ao afe, je, yeye ao jamaa yake wadai fidia, ao waache? Tangu mwaka jana wanachama watano wamekuja nyumbani kwangu kuniuliza swali hilo. Wananiona na magongo, wanasikia kwamba nililipwa, wanafikiri mie najua jibu. Sina jibu la kila mtu. Nitawaambia namna nilivyoamua, na pale nilipokosea, ili kila mmoja apime yake.

Miezi kumi na tatu

Maumivu ya mgongo yalianza Agosti 2020. Nilikuwa nauza sambaza. Alfajiri nashuka Beach Muhanzi, nanunua, nabeba beseni kichwani, napanda nayo hadi soko la Kadutu. Mnajua ile milima. Mama gani wa soko hana mgongo? Sikujali. Lakini kisha ikaja homa ya usiku, jasho la kulowesha shuka, na mwili ukaanza kuisha. Watu wakaniambia, "Mama, unakonda."

Nikaenda kwenye kituo cha afya cha kartye yetu. Infirmye akatoa damu, akaniambia, "Mama, hii iko tifoidi. Ona, Widal iko pozitifu. Usiogope." Nikameza dawa, nikapata nafuu siku kumi, ikarudi. Kwa jumla nilitibiwa tifoidi mara tatu, malaria mara mbili, na rimatisme mara moja.

Leo najua jambo ambalo sikulijua siku zile. Kile kipimo cha Widal ni cha zamani, tangu 1896. Hakionyeshi mdudu mwenyewe. Kinaonyesha alama ambazo mwili huacha ukipigana naye, na hapa kwetu, ambapo tifoidi iko nyingi, mtu anaweza kuwa na alama hizo bila kuugua tifoidi. Ndiyo maana nusu ya kartye iko na "tifoidi" kila mwezi.

Machi 2021, mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Binti yangu akanilazimisha kwenda kwenye kliniki moja yenye dokta. Dokta akatuma nipigwe radio ya mgongo. Akainua ile picha dirishani, akaitazama, akasema mifupa imechoka kwa sababu ya mizigo. Akaniandikia dawa za maumivu na mkanda wa kufunga kiuno. Nikalipa, nikaenda.

Septemba 2021, asubuhi moja, mguu ulikataa kabisa. Gari haifiki kwetu, kwa hiyo mtoto wa ndugu yangu alinibeba mgongoni hadi barabarani. Tulifika hospitali kubwa. Muganga wa pale alipitisha vidole kwenye uti wa mgongo, akakuta nundu, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Mama, nyumbani kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu?"

Ilikuwa ni mara ya kwanza, katika miezi kumi na tatu, mtu kuniuliza hivyo. Jibu lilikuwa ndiyo. Bwana yangu, Lugufu, 2003.

Ugonjwa wangu ulikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Wazungu wanauita ugonjwa wa Pott, kwa jina la muganga Mwingereza aliyeueleza mwaka 1779. Si jambo jipya basi. Tibi haikai mapafuni tu. Inaweza kuingia mifupani, na ikishakula mfupa wa mgongo, inabana mishipa ya miguu. Nchi yetu iko kati ya zile 30 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa zimelemewa zaidi na tibi. Dawa zake ni za bure kupitia programu ya taifa. Tibi ya mapafu ya kawaida hutibiwa miezi 6, ya mifupa mara nyingi huchukua zaidi. Mie nilimeza miezi 12. Nilipona tibi. Mguu haukurudi wote. Beseni ya sambaza sitaibeba tena.

Mimi pia nilinyamaza

Kabla sijasema makosa ya wengine, niseme langu.

Tulivuka ziwa kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka 2006, kwa boti ya kurudisha wakimbizi. Wengi wenu mnaikumbuka. Tulipofika, watu walituita "Batanzania". Walisema tumeleta magonjwa ya kambi. Nilipohamia Bukavu nilijifunza kufunga mdomo. Pale kituo cha afya, infirmye aliniuliza, "Unatoka wapi, mama?" Nikajibu, "Kadutu." Sikusema Lugufu. Sikusema bwana yangu alimeza dawa za tibi. Na karatasi zetu za zahanati ya kambi zilibaki ng'ambo ya ziwa.

Je, infirmye angefikiri tibi kama ningesema? Labda ndiyo, labda hapana. Lakini swali hilo lilinikesha usiku mwingi, na mtu yeyote anayetaka kudai fidia lazima alikabili, kwa sababu avoka wa upande mwingine atamuuliza.

Kila mtu alikuwa na hukumu yake

Nilipotoka hospitali, jamaa ilikutana. Shemeji yangu mkubwa alisema, "Twende parke! Bamufunge yule infirmye, na kliniki ilipe dola elfu makumi tano." Pasta alisema, "Mama, samehe, Mungu njo atalipa." Jirani mmoja alileta mtu asiye avoka, mwenye kalamu tatu mfukoni, aliyesema atafuata dosye yetu bila tulipe kitu, kisha tugawane nusu kwa nusu.

Binti yangu ndiye aliyeuliza, "Mama, weye mwenyewe unataka nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa wiki nzima nikifikiri, na nikaona kumbe nataka mambo manne, na kila moja lina njia yake. Nilitaka kujua nini hasa kilitokea. Nilitaka makuta, maana mtaji wangu uliisha na siwezi kazi ya zamani. Kuna siku nilitaka mtu aumie kama nilivyoumia. Na nilitaka isimpate mama mwingine.

Ndugu zangu, fanyeni hivyo kwanza. Kwa sababu mtu anayetaka kujua akienda parke, anaweza kupata mtu gerezani bila kujua kitu. Na anayehitaji makuta ya chakula akifungua kesi ya miaka mitano, atauza sufuria kulipa usafiri wa kwenda tribinali.

Dosye kwanza

Jambo la pili ni dosye. Usiongee fidia na mtu yeyote kabla hujashika karatasi zako mkononi. Hasira haina tarehe wala muhuri. Karatasi zinavyo.

Nilianza na kaye yangu na risiti, zile nilizokuwa nazo. Zilifika dola 740. Infirmye wa kituo hakukataa. Alinifungulia rejista yake, akanakili tarehe zote na dawa zote kwa mkono wake mwenyewe. Mkono ulikuwa unatetemeka kidogo, lakini aliandika.

Kliniki ilikuwa ngumu. Niliandika barua kwa nakala mbili, nikaomba nakala yangu ipigwe muhuri wa kupokea. Mara ya kwanza waliniambia nirudi kesho. Mara ya pili, mwenye ufunguo hayupo. Mara ya tatu nilienda na katibu wetu wa shirika, ambaye ameketi pale mbele, na tukakaa kwenye benchi hadi saa tisa. Tukapewa bahasha kubwa ya kahawia, ile ya radio. Ilikuwa Januari 2022.

Nyumbani binti yangu akaifungua. Ndani mlikuwa na picha, na karatasi moja iliyokunjwa, iliyochapwa kwa mashine. Ilikuwa ni maelezo ya mtaalamu wa radio, ya Machi 2021. Mie sisomi Kifaransa vizuri, nikamwambia anisomee. Alisoma kimya kwanza. Kisha akasema, "Mama, imeandikwa mifupa miwili imeliwa. Imeandikwa wafikirie tibi, wakutume kwa vipimo vingine."

Miezi sita kabla ya mguu kukataa, jibu lilikuwa limeshaandikwa. Karatasi ilifika kliniki siku mbili baada ya mie kuondoka. Mtu akaitia ndani ya bahasha, bahasha ikawekwa kwenye kabati. Hakuna aliyeisoma.

Sikulia siku ile. Niliomba tu binti aisome tena.

Maswali manne ya avoka

Wengi hawajui kwamba kwenye baro ya mavoka kuna ofisi ya kushauri bure watu wasio na uwezo. Nilienda Februari. Nilipewa mama kijana, mwenye haraka lakini mwenye kusikiliza. Alisema sheria yenyewe ni fupi na ya zamani, imo ndani ya kitabu cha tatu cha sheria za madai, tangu dekre ya 1888. Kifungu 258 kinasema anayemdhuru mwingine kwa kosa lake lazima alipe hasara hiyo. Cha 259 kinaongeza uzembe na kutokuwa mwangalifu. Cha 260 kinasema mwajiri hujibu kwa ajili ya mtu aliye chini yake, kwa hiyo kliniki inaweza kujibu kwa kosa la dokta wake.

Lakini, akasema, kutoona ugonjwa peke yake si kosa. Muganga haahidi kukuponya. Anaahidi kukutunza kwa uangalifu, kama muganga mwingine wa kiwango chake angefanya. Lazima uonyeshe mambo matatu: kosa, hasara, na kwamba hasara ilitokana na lile kosa. Kisha akaniuliza maswali manne, na mimi nawapa ninyi bure:

Ulimwambia nini? Yeye aliona nini, ao alikuwa na nini mkononi? Mwingine wa cheo chake, mwenye vyombo vilevile, angefanya nini? Na kama angefanya, mwili wako ungekuwaje leo?

Tukapima watu wawili. Infirmye: sikumwambia habari za bwana yangu. Kituo chake hakina radio. Homa na Widal, wengi wangesema tifoidi. Lakini mara ya tatu dawa zinashindwa, alipaswa kunituma mbele. Kuna kosa hapo, ila ni dogo, na kulithibitisha ni kazi. Kliniki: walikuwa na picha, walikuwa na karatasi inayotaja ugonjwa kwa jina, na Machi mguu wangu ulikuwa bado unatembea. Hapo avoka aliweka kalamu chini, akasema, "Hapa kuna kesi, mama."

Milango na saa za kufungwa kwake

Alinieleza milango minne. Nitaipita haraka, ila tarehe naomba mzishike.

Mlango wa kwanza ni mazungumzo, kwa barua ya avoka, na mkikubaliana mnaandika na kutia sahihi.

Wa pili ni Ordre des Médecins kwa madokta, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1968. Mainfirmye nao wana Ordre yao tangu sheria ya 2016. Hawa wanaweza kumwadhibu mtu wa kazi yao. Kukulipa si kazi yao. Na kwa kituo cha afya, unaweza pia kumwandikia dokta mkuu wa zoni ya afya, Ibanda, Kadutu ao Bagira, kwa sababu yeye ndiye msimamizi. Huyo anaweza kurekebisha kituo bila mtu kufungwa.

Wa tatu ni parke. Vifungu 52 hadi 54 vya sheria ya makosa vinahusu kuua ao kuumiza bila kukusudia. Ukipitia huko unaweza kudai na fidia kama mwenye kuumizwa. Lakini mlango huu unafungwa mapema sana. Kwa mtu aliyeumizwa, adhabu ya juu ni mwaka mmoja, na kwa hiyo kesi inakufa baada ya mwaka mmoja tangu kosa. Kwa mtu aliyekufa, ni miaka mitatu. Mimi nilikuwa mbele ya avoka katikati ya Februari 2022, na kosa lilikuwa la Machi 2021. Zilibaki wiki tatu.

Wa nne ni tribinali kwa madai tu, bila jela. Huo unakaa wazi muda mrefu, kwa kawaida miaka 30, lakini mashahidi hawakai wazi. Wanahama, wanasahau, rejista zinaliwa na panya.

Na wale waliotibiwa kule tulikokimbilia wasidhani hesabu ni hii ya kwetu. Tanzania na Kenya, madai ya namna hii kwa kawaida ni ndani ya miaka 3. Uganda, ukiidai serikali, ni miaka 2. Ukirudi nyumbani bila karatasi, saa inaendelea kutembea nyuma yako.

Wengine wameniuliza juu ya FONAREV, ule mfuko wa serikali. Hapana. Sheria yake ya Desemba 2022 ni kwa waliodhulumiwa na jeuri ya kingono ya vita na makosa makubwa dhidi ya binadamu. Kukosewa hospitalini hakumo. Msidanganywe kujaza fomu.

Je, kuna watu wa kawaida kama sisi walioshinda? Wapo. Uganda, wilaya ya Nakaseke, mwaka 2011, mama mmoja alifika hospitali ya serikali akiwa na uchungu wa kuzaa. Nesi aliona mtoto amekwama. Dokta wa zamu hakuonekana kwa masaa mengi, na mama akafa. Bwana yake na watoto, wakisaidiwa na shirika la haki za afya liitwalo CEHURD, walienda mahakamani. Mwaka 2015 mahakama kuu iliamuru wilaya iwalipe shilingi za Uganda milioni 35. Tazameni vitu viwili: ilichukua miaka, na hawakuwa peke yao.

Na hukumu si makuta. Hapa kwetu Kivu ya Kusini, Desemba 2017, mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu wa kesi ya watoto wa Kavumu, ikaamuru na fidia. Jamaa zilibaki zikingoja miaka baada ya hukumu. Si kesi ya hospitali, najua. Naitaja ili mtu asihesabu makuta ya tribinali kabla hayajafika mfukoni.

Nilichoamua

Wiki tatu zile zilikuwa nzito kuliko ugonjwa. Shemeji alikuwa akipiga simu kila jioni. "Zimebaki siku ngapi? Unangoja nini?"

Nilimfikiria infirmye. Mwaka 2012 tulipofika Bukavu bila kitu, watoto wangu walitibiwa pale kwa deni. Deni lile sikulimaliza hadi 2014. Kama angefungwa, nani angefungua kituo usiku mtoto wa jirani akishikwa na degedege? Lakini pia nilijiuliza: je, namsamehe kwa sababu ni haki, ao kwa sababu namwogopa aibu? Nilimwendea. Nikamwambia kuhusu Lugufu na bwana yangu. Akasema, "Mama, mie sikuuliza." Nikasema, "Na mie sikusema." Tukaishia hapo.

Mlango wa parke niliuacha ufungwe. Niliona parke ingenipa adhabu, na adhabu ndiyo kitu nilichokuwa nakihitaji kidogo kuliko vyote vinne. Shemeji hakuongea na mimi miezi miwili.

Kliniki niliidai, kwa mlango wa kwanza, na avoka aliandika kwamba tukikosa kuelewana tutaenda tribinali. Tulitia barua ile nakala ya karatasi ya Machi. Mapatano ya malipo ya avoka yenyewe tuliyaandika kabla hajaanza kazi, kiasi na asilimia. Fanyeni hivyo pia.

Tulizungumza miezi minne. Mwisho walikubali kulipa dola 1,800 kwa mara tatu. Risiti zangu, na kitu kidogo kwa mtaji uliopotea. Waliandika pia kwamba tangu sasa kila karatasi ya radio itasomwa na dokta na kutiwa sahihi, na mgonjwa ataitwa kwa simu. Hicho kifungu niliking'ang'ania mimi.

Sasa sikieni nilipokosea. Mwisho wa mapatano kulikuwa na mstari usemao kwamba naachilia madai yote, ya leo na ya kesho. Avoka alinionya. Alijaribu kuongeza kwamba kama nitahitaji operasyo ya mgongo baadaye, tutaongea tena. Kliniki ilikataa. Ilikuwa Juni, kodi ya nyumba ilikuwa ya miezi mitatu, mtoto alifukuzwa shule. Nikatia sahihi. Mwaka huu muganga ameniambia operasyo inaweza kuhitajika. Mlango ule niliufunga kwa kidole changu mwenyewe. Mtu mwenye njaa hapaswi kutia sahihi siku ileile anayoletewa karatasi. Omba siku saba. Omba hata siku tatu.

Na jambo ambalo sikulitegemea: baada ya malipo ya kwanza, dokta alikuja nyumbani. Peke yake, bila avoka. Alikaa kwenye kigoda. Akasema, "Mama, karatasi ilifika baada yako kwenda. Mie sikuifuata." Basi. Hakusema mengine, na mimi sikumwambia nimesamehe, maana siku ile nilikuwa bado. Lakini usiku ule nililala. Nilikuwa nimetafuta maneno yale tangu Januari.

Mkiniuliza leo kama nilifanya vizuri, nitasema: kudai, ndiyo. Kutia sahihi mbio, hapana. Kumwacha infirmye, mara nyingi nasema ndiyo, na kuna siku za mvua, mguu ukiuma, nasema sijui. Yeye siku hizi anauliza kila mtu, "Nani aliugua nyumbani? Mlitoka wapi?" Wenye kikohozi cha wiki mbili anawatuma wapimwe makohozi. Jirani yangu mmoja alitumwa hivyo, na ni mzima.

Kwa shirika na kwa wafadhili

Namalizia na maombi matatu.

Kwetu wanachama: tusifiche tena tulikotoka. Kila nyumba iandike kwenye kaye moja magonjwa tuliyougua kambini, Lugufu, Nyarugusu, kokote, na dawa tulizomeza. Hiyo kaye iende na mgonjwa. Na anapotoka kwenye kipimo, aulize, "Jibu linatoka lini, na nani atanisomea?" Asiondoke bila jina la mtu.

Kwa komite: mtu akija na malalamiko ya hospitali, msimpeleke mbio parke wala msimwambie tu asamehe. Mpeni mtu wa kwenda naye kuomba dosye, nauli ya moto, na makuta ya fotokopi. Kisha mpelekeni kwa muganga mwingine asome dosye, halafu kwa avoka. Lakini tarehe mziandike siku ya kwanza, kwa sababu saa haingoji hasira ipoe.

Kwa wafadhili: najua mnaulizwa makuta ya kesi. Mie naomba kwanza makuta ya radio. Kuna mama sokoni sasa hivi mwenye mgongo na jasho la usiku, anameza dawa za tifoidi kwa mara ya tatu. Kumlipia picha moja, na kuhakikisha mtu anasoma karatasi inayokuja nayo, ni rahisi kuliko fidia yoyote. Mie nililipwa dola 1,800. Ningeulizwa Machi 2021, ningechagua ile karatasi isomwe.

Naomba mtu anisaidie kushuka hii ngazi.